Kitabu kisichoijua nazi

Wifi yangu alikuja likizo kutoka Uingereza Desemba ya mwaka juzi. Sandukuni mwake, katikati ya viatu vya watoto na mafuta ya nywele, mlikuwa na kitabu cha mapishi ya Paleo, kizito kama kilo mbili za sukari. "Hiki chako, wifi," akaniambia. "Ukikifuata, kaka atapungua." Kaka mwenyewe, yaani mume wangu, alikuwa barazani anamalizia hamri la tano na mbaazi za nazi, hana habari.

Wiki chache kabla ya hapo daktari alikuwa amempima sukari, akamwambia hajavuka mpaka ila anausogelea. Apunguze wanga, aache soda, atembee. Neno Paleo halikutoka kinywani mwa daktari. Hilo ni la wifi, na nikakubali kwa sababu kitabu kilikuwa na picha nzuri na mimi ni mtu wa kudanganywa na picha.

Kwa asiyejua, mlo wa Paleo unataka binadamu ale alivyokula kabla hajaanza kulima: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na kokwa kama korosho na lozi. Nafaka zote nje. Jamii ya kunde yote nje. Maziwa na mtindi nje, sukari ya dukani nje. Wazo lenyewe lilipata nguvu mwaka 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner walipoandika makala kwenye jarida la madaktari wa Marekani, na mwaka 2002 Loren Cordain akalishusha kwa watu wa kawaida kwa kitabu chake. Sasa mpe mtu wa Makorora, hapa Tanga, orodha hiyo uone. Ugali, wali, chapati, mahamri, vitumbua, maharage, mbaazi, choroko, vyote vimeondoka kwa siku moja. Hata karanga, maana karanga ni ndugu ya maharage, si ya korosho. Wali nilivumilia. Karanga ziliniuma.

Nilianza na kitabu cha wifi kwa imani kabisa. Ukurasa wa kwanza niliochagua ulikuwa wa chapati nyembamba za asubuhi za unga wa lozi. Unga wa lozi nikauagiza Dar es Salaam, nusu kilo shilingi 38,000, ukaletwa na basi kama mgeni wa heshima. Uliisha kwa asubuhi mbili. Kitinda mimba wangu alikula moja akauliza kama kuna chapati za kweli. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Unga ule hata kulala haukulala.

Hapo bado sijasema habari ya oveni. Nusu ya kitabu kile ni oveni, na joto lake ni la Farenihaiti: 350, 400. Mimi nina jiko la gesi la pleti mbili na la mkaa moja. Nyama imepimwa kwa paundi, na paundi moja ni gramu 454, kwa hiyo kila nikienda buchani nimeshika simu nafanya hesabu huku muuza nyama akinitazama. Halafu kulikuwa na mafuta ya zeituni kila ukurasa, na mchuzi wa kuchovya unaotengenezwa kwa utomvu wa maua ya mnazi, ambao unauzwa ghali Ulaya na hapa kwetu utomvu huo ndio tembo, wanaunywa wazee wa Pangani. Nazi yenyewe ilitajwa kama kitu cha kwenye kopo.

Miezi miwili ikapita hivyo. Nilikuwa karibu kukiweka chini ya mguu wa meza.

Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho, tena bila kukusudia. Siku hiyo nilipika samaki wa kupaka, changu wawili wakubwa niliowanunua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, na mchicha wa nazi pembeni, bila wali. Akauliza, "Mwanangu, na hiki nacho kimetoka kwenye kitabu?" Nikacheka, nikasema hapana, mama, hiki chako. Kisha nikakaa kimya. Samaki, tui, ndimu, kitunguu saumu, pilipili, chumvi. Hakuna kilichokatazwa hata kimoja, ukiacha chumvi, ambayo Cordain hataki uiongeze. Pweza wa nazi vilevile. Kuku wa kupaka, bamia, nyanya chungu, matembele, kisamvu cha nazi kisichotiwa karanga, vyote halali. Mchuzi sikuhitaji kufundishwa na mtu. Nilichokosa kilikuwa mahali pengine kabisa: nini kikae pale wali ulipokuwa umekaa, watoto wanywe chai na nini, na wabebe nini shuleni.

Tangu siku hiyo nikabadili namna ya kutafuta vitabu. Sikutazama tena picha ya jalada wala sura za nyama. Vitabu vingi vya kusomea kwenye simu hukuonjesha kurasa za mwanzo bure kabla ya kununua, na ndani yake kwa kawaida mna yaliyomo. Nilisoma yaliyomo ya vitabu kama kumi na vitano kwa bando la wiki moja, nikiwa na kalamu. Sura ya asubuhi kwanza. Kama vyakula vinane kati ya kumi vya asubuhi ni unga wa lozi, kwaheri. Kama ni mayai, mboga, samaki na viazi vitamu, nabaki. Nikiweza kufika kwenye faharasa, natafuta neno moja: muhogo.

Muhogo ndio ulionionyesha kwamba waandishi hawa wenyewe hawakubaliani. Kitabu cha Cordain cha 2002 kinaukataa muhogo pamoja na viazi vitamu na viazi vikuu, kwa sababu ya wanga. Waliokuja nyuma yake wengi wanaruhusu viazi vitamu, na siku hizi unga wa muhogo unapendwa mno na watu wa Paleo wa Marekani. Wanaununua kwa bei ambayo mkulima wa Muheza akiisikia atakaa chini. Nilipotaka kujua nani yuko sahihi nikakutana na habari za Wahadzabe. Wataalamu wanatoka mbali kuja Ziwa Eyasi kuwasoma, kwa kuwa ni miongoni mwa watu wachache waliobaki wanaowinda na kuchimba chakula chao. Nao wanakula nini? Nyama, ndiyo, lakini pia mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali kwa wingi. Basi kama Mhadzabe anachimba mizizi, nani ananikataza mimi majimbi? Watoto wangu wanakua, wanacheza mpira mpaka magharibi, siwezi kuwalaza na mayai na kachumbari. Muhogo wa nazi ukarudi mezani. Mume wangu anapewa kipande kimoja, naye hukiangalia kama picha ya marehemu.

Katika vile kumi na vitano nilinunua viwili tu. Cha kwanza ni Nom Nom Paleo cha Michelle Tam na Henry Fong, kilichotoka mwaka 2013. Nilikipendea picha za hatua kwa hatua na vibonzo. Mwanangu wa kati, miaka kumi na mmoja, huwa anapika mayai kwa kufuata picha tu, Kiingereza hana habari nacho. Mapishi ya kitabu yana ladha za Kiasia kwa sababu ya asili ya waandishi, na hilo lilinisogeza karibu na nyumbani. Ila Michelle anapenda sana mchuzi wa samaki waliochachushwa na unga wa uyoga mkavu wa Kizungu. Vyote viwili sina. Nikatwanga dagaa wakavu na kipande kidogo cha ng'onda, samaki wa kukaushwa, nikachekecha, nikaweka kwenye chupa. Kijiko cha chai kimoja kwenye mboga kinatosha, ukizidisha nyumba nzima inanuka bandari.

Cha pili ni Well Fed cha Melissa Joulwan, cha mwaka 2011. Hiki hakina papara ya vitafunio vitamu, nami sikutaka kitabu cha keki zilizobadilishwa majina. Kikubwa nilichochukua humo ni utaratibu wa kupika vitu vya msingi mara moja kwa wiki: unapika nyama, unakatakata mboga, unaziweka tayari, halafu kila jioni unaunganisha na viungo tofauti. Kwangu imekuwa kazi ya Jumamosi baada ya soko la Mgandini, maana mboga za Lushoto unazikuta pale, karoti, kabichi na koliflawa. Kuna pia mchuzi wake mmoja unaotumia alizeti iliyosagwa badala ya karanga. Nilipousoma nilitaka kumkumbatia huyo mama. Alizeti nikaikaanga, nikaisaga, na kisamvu changu kikapata tena uzito wake.

Koliflawa ya kuparuza iwe kama wali, ambayo vitabu vyote vinaisifu, mimi siipigii debe. Kifungua mimba alisema huu wali umepikwa na mgonjwa. Ni ghali na ina harufu. Papai bichi la kuparuza, likapikwa na tui jepesi na chumvi kidogo, linashika mchuzi vizuri zaidi na karibu kila uani Makorora kuna mpapai. Hilo hamna kitabu kilichoniambia. Yaani, kipo kimoja, lakini si cha Paleo.

Nilikiona Dar es Salaam kwenye vitabu vya mitumba vya pembeni ya barabara, karibu na Posta, shilingi 7,000, jalada limechanika. Ni cha mapishi ya Sri Lanka, cha zamani, hakina picha hata moja. Nilipokifungua katikati nikakuta nazi ya kukuna, tui la kwanza, yaani kasimile, tui la pili, bizari, mdalasini, majani ya mboga nisiyoyajua lakini mapishi yake nayajua. Mwandishi hakuwa amesikia habari ya Paleo na wala hakuihitaji. Nikitoa kurasa za wali na dengu, zaidi ya nusu inafaa nyumba yangu. Nikitafutiwa kitabu siku hizi, nasema nitafutieni cha watu wa mnazi: Sri Lanka, Kerala, Ufilipino, visiwa vya Pasifiki.

Na chicha? Miaka yote nimekuwa nikiwamwagia kuku. Vitabu vya Paleo vinauza kitu kinaitwa unga wa nazi, na siku niliposoma unavyotengenezwa nilibaki mdomo wazi: ni nazi iliyokamuliwa, ikakaushwa, ikasagwa. Chicha tu! Nikaanika yangu kwenye ungo siku mbili za jua, nikatwanga, nikachekecha. Mashine ya kusaga sikupeleka kwa sababu ingechanganyika na mahindi. Unga huu unakunywa maji vibaya sana. Mahali pa kikombe kizima cha ngano unaweka robo kikombe, na mayai huyahurumii. Oveni mama mkwe aliimaliza kwa sentensi moja: "Si upalie tu kama mkate wa kumimina?" Makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Ukikiweka kiganja hewani juu ya makaa ukakiondoa kabla ya kuhesabu tano, hiyo ndiyo 350 ya Wamarekani, au karibu yake.

Mama mkwe mwenyewe sikumlazimisha. Ana uji wake wa mtama asubuhi, na nilipojaribu kumweleza kwamba watu wa kale hawakula nafaka, kaka yangu anayefundisha sekondari aliniumbua mbele yake. Akasema kwenye pango la Ngalue, Niassa, huko Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, mawe ya kazi ya watu wa kale yalikutwa na mabaki ya mtama, na taarifa ilitoka mwaka 2009: yana zaidi ya miaka 100,000. Mama mkwe akainua kikombe chake akanitazama juu ya ukingo wake. Uji ukabaki, na nilikoma kuwaambia watu kwamba mlo huu ni wa kale. Ni mlo usio na mahamri, basi.

Mume wangu mkanda umerudi matundu mawili. Sukari imeshuka, lakini pia ameacha soda na anatembea mpaka Raskazone kila jioni, kwa hiyo kitabu sikipi sifa zote. Na Ijumaa tunakula wali.

Kwa watoto wa shule nimebaki na ndizi, mayai ya kuchemsha, vipande vya nazi na korosho kidogo zikishuka bei. Wawili wadogo wana lao: wakitoka madrasa wanaokota kungu chini ya mikungu, wanazivunja kwa jiwe, wanakula kiini. Hakuna aliyewafundisha.

Mapishi yaliyobaki hai nimeyaandika kwenye daftari la mistari, kwa vipimo vya kata na kiganja, kurasa zimeshaingia tui. Juzi wifi alipiga simu usiku, ameona picha ya kuku niliyoiweka, anataka kipimo. "Wifi, hiyo kasimile ni vikombe vingapi?" Nikamwuliza kwanza nazi yake ni ya kukuna au ya kopo. Akanyamaza kidogo. Nikamwambia asubiri nivae miwani.