Barua Niliyoingoja Ilikuwa Kwenye Taka

Kwa siku 19 nilimlaumu mhariri mmoja kimoyomoyo kwa kutonijibu. Nilikuwa nimempelekea makala, naye aliahidi kuniandikia akishaisoma. Kila asubuhi nilifungua barua pepe, nikaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia, na kila asubuhi nikaletewa zile zile barua zetu za zamani. Kumbe jibu lake lilifika siku ya tatu tu, likiwa na maswali manne aliyotaka niyajibu ndani ya wiki moja, na lilikuwa limelala katika folda ya barua taka, limebanwa kati ya tangazo la dawa ya kupunguza unene na taarifa kwamba nimeshinda bahati nasibu ambayo sikuicheza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliitafuta barua hiyo nisiione. Katika Gmail, utafutaji wa kawaida haugusi folda ya taka wala tupio. Anayetaka kupekua kila mahali huanza kwa kuandika in:anywhere, kisha ndipo anaongeza jina au neno analolitafuta. Isitoshe, barua zilizomo kwenye taka hufutwa zenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo nilikuwa nimebakiwa na wiki mbili kabla jibu lile halijapotea kabisa, nami ningeendelea kumwona mhariri yule kuwa mtu asiye na adabu. Wanaosoma barua kwa programu iliyounganishwa kwa POP, njia ya zamani ya kupakua barua kutoka kwenye seva, wako pabaya zaidi, kwa sababu njia hiyo huchukua yaliyomo kikashani peke yake, yaani mahali barua za kawaida zinapoingia. Folda ya taka hubaki kwenye seva, na mwenyewe anaweza kukaa miaka bila kujua kwamba ipo.

Nilipoipata, nilitaka kujua ni kwa nini barua ya kistaarabu namna ile, isiyo na picha wala kiambatisho, ilihesabiwa kuwa taka. Zamani vichujio, yaani programu zinazotenga barua taka na barua halali, viliandikiwa kanuni moja moja: ukikuta neno fulani, kataa. Mwaka 2002 mtunzi wa programu Paul Graham aliupa umaarufu utaratibu mwingine, ambao kompyuta hujifunza kutokana na barua ambazo mwenyewe amezikubali na zile alizozikataa, kisha hukadiria kila barua mpya inafanana zaidi na kundi lipi. Vichujio vya leo hutazama mengi zaidi ya maneno, na jambo mojawapo kubwa ni kama mtumaji ndiye kweli anayejidai kuwa. Hapo ndipo penye kisa cha mhariri wangu.

Nilifungua maelezo ya asili ya barua ile, yale ambayo kwa kawaida hufichwa ili yasimchoshe msomaji, nikakuta imeandikwa kwamba ukaguzi wa SPF umeshindwa. SPF ni orodha ambayo mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani, huitangaza hadharani, ikitaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Taasisi ya mhariri ilikuwa imehamia seva mpya bila kuiongeza kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kila barua yao ilionekana kama ya mtu aliyeiba bahasha zenye nembo ya ofisi. Pamoja na SPF kuna DKIM, ambayo ni sahihi ya kidijitali inayobandikwa kwenye barua yenyewe, na DMARC, inayoeleza barua ifanywe nini isipopita ukaguzi. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua kwa wingi wawe na vyote vitatu. Mpokeaji hawezi kumrekebishia mtumaji mambo haya, ila anaweza kumwambia, nami nilimnakilia mhariri mistari ile ili ampelekee fundi wao.

Kwa upande wetu sisi tunaopokea, kosa la kwanza ni kuisoma barua ndani ya folda ya taka kisha kuiacha pale pale. Kichujio hakioni kwamba umefurahi. Lazima ubonyeze kitufe cha kusema kwamba barua hiyo si taka, nayo irudi kikashani, kwa kuwa tendo hilo ndilo linalohesabiwa kama ushahidi. Kisha uiweke anwani ya mtumaji kwenye orodha ya watu unaowasiliana nao. Kwa mtumaji ambaye huwezi kabisa kuikosa barua yake, Gmail hukuruhusu kutengeneza kichujio chako mwenyewe na kuagiza kwamba barua zake zisipelekwe kwenye taka kamwe, na Outlook ina orodha ya watumaji salama inayofanya kazi iyo hiyo. Ni vyema kufanya hivyo kabla barua haijatumwa, siku ile ile mtu anapokuambia kwamba atakuandikia.

Nina angalizo moja. Ruhusu anwani kamili, wala usiruhusu kikoa kizima kinachotumiwa na mamilioni ya watu, kama gmail.com, maana utakuwa umeung'oa mlango ili mgeni mmoja aingie. Vilevile, unapoipekua taka, soma anwani yenyewe na si jina lililotangulizwa mbele yake, kwa sababu jina mtu yeyote hujiandikia atakalo. Na usibonyeze kiungo chochote kabla hujaridhika kwamba barua ni halali. Barua nyingi zilizomo humo zimestahili kuwa humo.

Lipo jambo jingine ambalo nakiri nililitenda kwa miaka. Nilikuwa nikichoshwa na majarida niliyojiandikisha mwenyewe, na badala ya kujiondoa kwa kiungo kilichowekwa mwishoni mwa barua, nilibonyeza kitufe cha kuripoti taka kwa sababu kilikuwa karibu na kidole. Google huwataka watumaji wa wingi wasifikishe malalamiko ya asilimia 0.3, yaani 3 kwa kila barua 1,000, kwa hiyo uvivu wa wachache kama mimi unatosha kuyapeleka majarida halali kwenye taka za wasomaji wanaoyangoja kwa hamu. Siku hizi najiondoa ipasavyo, na kitufe kile nimekiachia matapeli.

Mhariri aliyapokea majibu yangu, ingawa nafasi ya toleo lile ilikwisha kujazwa na makala ilisogezwa hadi lililofuata. Barua yake iliyokuja baada ya fundi kuirekebisha orodha iliingia kikashani moja kwa moja. Nilifungua tena maelezo ya asili, kwa udadisi tu, nikakuta SPF imepita. Hata hivyo nimejiwekea Ijumaa kuwa siku ya kuipitia folda ya taka, kazi isiyozidi dakika mbili, na wiki iliyopita nilikuta humo risiti ya malipo niliyokuwa karibu kuyalalamikia.