Dayari ya malengo ya vijana, wiki ya sita: nimefuta asilimia zote

Haya wiki ya sita hii. Kwa ambao hamkuwepo mwanzo, natengeneza dayari ya malengo kwa ajili ya vijana wa kanisani kwetu hapa Dar (Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio, wale wa shati jeupe na tai), ni ukurasa mmoja tu unafunguka kwenye brauza, bando likikata unaendelea kuandika kama kawaida.

Toleo la kwanza nimelitupa lote. Kosa langu, nililiiga kwenye kitabu cha malengo cha dada yangu, maana enzi zake mpango wa kanisa wa wasichana ulikuwa na maadili nane, kila moja na rangi yake na mradi wa kuchukua angalau saa 10, kiongozi anaweka sahihi. Cha kwake bado kipo kabatini, ukurasa wa kijani wa Maarifa umechakaa kuliko zote. Ila ule mpango uliisha mwishoni mwa 2019, 2020 ukaja huu wa Watoto na Vijana, kijana anajipangia mwenyewe kiroho, kijamii, kimwili na kiakili, imetolewa Luka 2:52. Mambo ya sahihi hakuna tena. Mimi nikaja na vitiki na mistari ya asilimia, dogo mmoja akanionyesha simu kwa furaha kabisa, maandiko siku 14 zote kijani, kumbe katiki zote Jumamosi usiku ndani ya dakika moja. Namuuliza vipi, ananijibu "kaka si ulisema ikijaa inakuwa kijani?" Sikuwa na la kusema, nikafuta asilimia zote.

Lililoniuma zaidi ni la binti mmoja anayetumia simu ya mama yake. Lengo lake la kijamii lilikuwa kuacha kumjibu bibi vibaya, akawa anaandika vizuri tu, siku aliyoshindwa anasema nimeshindwa na bibi alisema nini na yeye akajibu nini. Mama akaufungua ukurasa. Kuanzia siku hiyo dayari yake ni "leo nimesali, poa". Kila siku poa.

Kwahiyo nikaweka pini ya namba nne, halafu nikajishtukia, ile ni pazia tu, maandishi yenyewe yalikuwa wazi kwenye hifadhi ya brauza na namba nne zina michanganyiko 10,000 tu, kompyuta inaijaribu yote fasta. Sasa hivi unaweka sentensi nzima ndo pasiwedi, na maandishi yanahifadhiwa yakiwa yamevurugwa, bila hiyo sentensi ni takataka tupu. Ubaya wake ukiisahau hata mimi siwezi kukusaidia, na nimewaambia hivyo mara tatu.

Ya wiki hii sasa. Simu ya dogo mwingine ilijaa, akafuta data za brauza apate nafasi ya video, wiki tatu za dayari zikaenda nayo. Yaani maandishi matupu hayafiki hata MB moja jamani! Nimeongeza batani ya kupakua faili, anajitumia WhatsApp mwenyewe, dayari ikipotea anairudisha kwa hilo faili.

Halafu kuna mama mmoja kiongozi, namheshimu sana, ameomba aone nani ameandika na ameandika nini ili awasaidie. Nimemwambia mama shikamoo, hilo siliwezi, na si kwamba ni gumu kutengeneza. Tumekubaliana kijana akitaka asome, amsomee mwenyewe. Hakufurahi sana ila alikubali.

Jumapili nimempa yule binti toleo jipya. Aliuliza kitu kimoja tu, "mama akiufungua anaona nini?" Nikamwonyesha ule mvurugo wa herufi, akacheka, akaondoka na simu nje. Alichoandika sijui na ndivyo inavyotakiwa. Imebaki batani ya kurudisha faili, kwenye simu za zamani inagoma, hiyo ndo kazi ya wiki ijayo.