Mizani Mbili

Mkokoteni uliosheheni marobota ya mitumba ndio uliovunja mfupa wa muundi wangu wa kushoto, pale soko la Gikomba, Nairobi, asubuhi ya mzigo mpya, watu wakisukumana kuwahi kamera ya kwanza, yaani zile nguo bora kuliko zote. Nilifungwa plasta kutoka pajani hadi karibu na vidole. Ilipokatwa, paja lililotoka ndani lilikuwa limenyauka hata nikadhani si langu. Mtaalamu wa tiba ya viungo alilizungushia utepe, kama ule wa fundi cherehani, sentimita 10 juu ya goti, kisha akapima la kulia. Tofauti ilikuwa sentimita 3. Akanipa mazoezi, nikayafanya kwa bidii. Mfupa uliunga vizuri, lakini kuchechemea hakukuniacha, na ngazi nilizishuka nikiwa nimeshika ukuta.

Binamu yangu ndiye aliyenipeleka kwa Kocha, bondia mstaafu mwenye jimu ya mabati huko Makongeni, si mbali na Jogoo Road. Vyuma vyake vingi alivitengeneza mwenyewe: mikebe ya mafuta ya kupikia iliyojazwa saruji, gia za malori zilizochomelewa kwenye bomba. Ilikuwa Jumamosi na vijana walijaa.

"Hebu chuchumaa, mama, nikuone."

Nikachuchumaa na kuinuka. Binamu yangu akasema niko sawa kabisa. Vijana nao wakasema hivyo hivyo. Kocha hakujibu mtu. Alimtuma kijana mmoja steji, kwa wale wanaopima watu uzito kando ya barabara, aazime mizani mbili. Mwenye moja alikuja nayo mwenyewe, hakutaka kuiachilia.

Zikawekwa sakafuni, bega kwa bega. Nikakanyaga, mguu huku na mguu huku, macho yangu mbele ukutani kama nilivyoagizwa. Mwilini nilijisikia nimesimama wima kama mlingoti. Kocha akasoma kwa sauti: kulia 41, kushoto 27. Kisha akaniambia nichuchumae hadi nusu nitulie hapo. Kulia 47. Kushoto 21.

Nilitazama chini mwenyewe. Mshale wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, unapanda kidogo, unarudi, kama unaogopa.

"Unaona?" Kocha alisema. "Huu mzima unaufanyia kazi huu mgonjwa. Ukichuchumaa kwa miguu yote miwili, mzigo unakimbilia kwenye nguvu. Mwaka mzima utafanya mazoezi, na atakayenenepa ni wa kulia."

Hapo nilielewa kwa nini jasho langu lote halikuwa limenifikisha popote. Goti lenye maumivu au uvimbe huufanya mwili wenyewe uzuie msuli wa mbele wa paja usikaze kwa nguvu zake zote, na uzito huhamia upande wa pili bila mtu kuuhamisha. Ndiyo maana kumwambia mtu "sukuma sawasawa" hakumsaidii. Anaamini tayari anasukuma sawasawa.

Kocha alileta tofali, akaliweka karibu na nguzo. Nisimame juu yake kwa mguu wa kushoto peke yake, nishushe kisigino cha kulia pole pole hadi kiguse sakafu, kiguse tu, kisikanyage, halafu nipande kwa kushoto. Goti likaanza kuanguka kwa ndani. Akanyoosha kidole chake kando ya goti, upande wa nje, akasema, "Lifuate kidole changu." Paja lilitetemeka hadi kiunoni. Nilipochoka akasimamisha, akahesabu nilichoweza, akaniamuru nibadilishe mguu na nifanye idadi hiyo hiyo, si moja zaidi. Wa kulia ulimaliza bila hata kupata joto. Hilo ndilo alilolitaka: dhaifu uanze, dhaifu uweke kiwango, wenye nguvu usubiri.

Nilimuuliza kama basi niuache kabisa wa kulia. Alikataa, na baadaye nilifurahi kusoma kwamba mwaka 1894 Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale alikwisha kuonyesha kuwa kuufanyisha mkono mmoja mazoezi ya kufinya huongeza nguvu hata za mkono ambao haukuguswa. Siri iko kwenye neva zaidi kuliko kwenye nyama. Laiti kila anayefungwa plasta angeambiwa hili siku ile ile, aufanyishe kazi mguu mzima akiwa bado kitandani!

Mwenye mizani naye hakuondoka bila kupimwa. Alisimama, zikasoma 32 na 30, akashtuka, akauliza aanze lini mazoezi.

"Wewe rudi steji," Kocha alimwambia. "Hakuna binadamu aliye sawa pande zote."

Kwangu hakulenga usawa kamili. Alitaka mguu wa kushoto ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za wa kulia, kipimo ambacho wataalamu wengi hutumia kabla ya kumrudisha mchezaji uwanjani. Nilikifikia mvua za masika zilipokuwa zinaisha, na hapo ndipo aliponiruhusu kuweka chuma mabegani na kuchuchumaa kwa miguu yote miwili. Chuma tupu, kilo 20. Jumatatu yake nilibeba robota dogo kutoka kwenye lori hadi kibandani, bila kumwita mtu.