Siku niliyomuogesha Chui

Mwaka 2009 nlikua kidato cha pili, tumefunga shule mwezi wa 6, niko nyumbani Usa River. Anayeijua Usa River miezi ile anajua baridi yake, mlima Meru unaweza usiuone hata siku nne, ni mawingu na manyunyu tu. Mbwa wetu aliitwa Chui, mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga ana madoa meusi mgongoni. Alikua mbwa wa baba. Baba alifariki 2007, ng'ombe wakauzwa, Chui akabaki, akahamia kulala mlangoni kwangu.

Sasa ile likizo narudi namkuta kupe wamemjaa, na sisemi wawili watatu, ndani ya masikio wamepangana kama mbegu za papai, katikati ya vidole wapo, chini ya mkia wapo, wengine wameshiba damu wamevimba kama kunde. Nikaanza kuwatoa kwa mkono natumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, nikafika arobaini na kitu nikaacha kuhesabu. Na yeye katulia tu, nikivuta anashtuka kidogo alafu ananilamba kiganja. Iliniuma sana yani.

Mama alikua amesafiri kwenye msiba, nimebaki na mama mdogo. Akanambia msubiri mama yako, dawa ya ng'ombe ni kali hiyo. Nikasema sawa mama mdogo. Kesho yake kaenda sokoni Tengeru, mi nikaingia stoo.

Chupa ilikuepo palepale alipoiacha baba, amitrazi, dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, karatasi imeloa mafuta maandishi yamefutika, imebaki picha ya ng'ombe tu. Nlikumbuka baba alikua anapimia kwa kifuniko, lakini vifuniko vingapi kwa maji kiasi gani sikukumbuka, maana kipindi kile kazi yangu ilikua kushika kamba tu. Nikachota maji nusu ndoo, nikamimina kwa macho, maji yakawa meupe kama maziwa. Nikaangalia wale kupe nikaona hii haitoshi, nikaongeza. Ilikwenda kama robo ya chupa.

Nikamfunga kwenye mparachichi. Kwanza nikamsugua na sabuni ya unga na brashi ya kufulia, nikamsugua kweli kweli hadi tumboni ngozi ikawa nyekundu, nikijua ndo namsafisha vizuri. Alafu nikammwagia ile dawa yote, kichwani hadi mkiani. Anatetemeka kwa baridi, mi namwambia tulia Chui, tulia baba, wanakufa hawa.

Haikupita saa nzima namuita hajaja. Nikamkuta nyuma ya banda la kuku kasimama katanua miguu anayumba, udenda unamtoka, katapika povu. Nikamshika sikio, la baridi. Aliponiona akatikisa ncha ya mkia tu, mwili haukuweza.

Nilikimbia peku hadi kwa bwana mifugo, na nashukuru Mungu nlimkuta. Kafika na baiskeli kanusa ndoo, akaniuliza, "Umepima na nini?" Nikamwambia kwa macho mzee, shikamoo hata sijampa. Hakunigombeza. Akasema leta maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuogea ya kipande, tukavaa mifuko ya nailoni mikononi tukamuosha upya mara tatu, taratibu, kwa viganja, bila brashi. Huku anaosha ananieleza: dawa hii ni mililita 2 kwa lita 1, ndoo nzima ya lita 20 inataka mililita 40 tu, we umeweka zaidi ya mara kumi. Na ngozi ukishaikwangua na brashi inakunywa dawa, na mbwa akijilamba anaimalizia tumboni. Dawa ikizidi inapunguza mapigo ya moyo, mwili unapoa. Sindano ya kuikata nguvu dawa hiyo hakua nayo, akasema hapa ni joto na kumuangalia, basi.

Tukamlaza jikoni kwenye gunia, pembeni ya jiko la mkaa, mlango tukauacha wazi kidogo, chupa za maji ya moto zimefungwa na vitambaa huku na huku. Mama mdogo karudi kakuta hali ile, nikajua leo napigwa. Akaniangalia, akaingia ndani akatoka na blanketi lake, akamfunika Chui, akakaa na mimi mpaka saa 6 usiku.

Alivoenda kulala nikabaki na mkono juu ya mbavu zake. Pumzi moja, kimya, kimya kirefu mpaka nainama kusikiliza, alafu nyingine. Nikamuomba msamaha, na baba pia nikamuomba.

Sa 8 hivi masikio yakaanza kurudi joto. Nikapitiwa na usingizi nimekaa vilevile. Alfajiri wale wa maziwa wakapita barabarani na baiskeli, madumu yanagongana, nikasikia blanketi linaburuzwa, kufungua macho Chui kasimama mlangoni, miguu bado inacheza, akabweka mara moja, sauti imekauka.

Mama mdogo akauliza kutoka chumbani, "Ni Chui huyo?"

Nikashindwa kumjibu. Chui akabweka tena.