Glavu Iliyotoboka Kiganjani

Kabla ya kunitazama nikipiga hata mpira mmoja, Mzee aliniomba glavu yangu ya mkono wa kushoto. Ilikuwa Jumamosi ya Februari mwaka 2022, saa moja na nusu asubuhi, katika eneo la mazoezi la uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, na umande ulikuwa haujakauka kwenye nyasi. Niliivua nikampa kwa mikono miwili. Aliigeuza upande wa kiganja, akaielekeza kwenye jua, akapitisha ncha ya kidole chake katika tundu lililotoboka chini kabisa ya kiganja, pale kwenye nyama nene iliyo karibu na kifundo cha mkono, upande wa kidole cha mwisho, kisha akaniuliza nimeivaa kwa muda gani. Nilimjibu kuwa ni wiki tano.

“Glavu ya wiki tano haitakiwi kutoboka hapa, mwalimu,” alisema. “Hapa inatoboka kwa sababu fimbo inacheza mkononi. Naomba nione mikono yenyewe.”

Mzee alikuwa kedi. Alianza kubeba mifuko ya wachezaji akiwa kijana, na kila Jumamosi nilikuwa nikimwona akipita na wateja wake wakati mimi nimekaa kwenye kivuli nikimsubiri binti yangu, ambaye alikuwa akijifunza gofu pamoja na watoto wenzake. Kusubiri huko ndiko kulikonifikisha katika mchezo wenyewe. Miezi kadhaa ya kutazama ilinitia hamu, na shemeji yangu alipohamishiwa Dodoma aliniachia mfuko wake wa fimbo, akaniambia kuwa afadhali zitumike kuliko kuliwa na kutu stoo. Shemeji ni mtu mrefu mwenye viganja vipana, na mimi ni mwanamke wa kimo cha wastani mwenye vidole vifupi. Wakati ule sikuona kwamba tofauti hiyo ina uzito wowote.

Mtu aliyejitolea kunifundisha hatua za mwanzo alikuwa mchezaji hodari, na ninamshukuru kwa muda wake, lakini katika jambo la mshiko alikuwa na neno moja tu. Aliniambia kuwa mshiko sahihi ni ule ambao kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hupanda juu ya mkono wa kushoto na kulala katika mfereji ulio kati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, na kwamba mtu asiyeweza kushika hivyo hajaanza gofu. Nilijaribu. Nilijaribu uwanjani na nilijaribu nyumbani usiku, nikiwa nimesimama mbele ya kabati na fimbo namba saba mikononi, mpaka malengelenge yakatoka kwenye kidole gumba na ngozi ikachubuka chini ya kiganja. Kila nilipoinua fimbo hadi usawa wa bega, mkono wa kulia ulibanduka kidogo, na wakati wa kushuka ilinilazimu kuukamata mpini upya, hivyo uso wa fimbo ulifika kwenye mpira ukiwa umepinda. Mpira ulikwenda kulia sana, au ulibingirika hatua ishirini na kusimama.

Sikumweleza mwalimu wangu huyo sababu, kwa kuwa niliionea haya. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kijijini kwetu wilayani Muheza, kamba ya ndoo ya kisima ilininasa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ndoo iliyojaa ikaporomoka na kukivunja. Bibi alikifunga kwa kijiti na kipande cha khanga, na kwa uwezo aliokuwa nao aliniuguza vizuri, lakini kidole kilipona kikiwa kimenyooka, na tangu siku ile kiungo chake cha katikati hakikunji. Nimeandika ubaoni, nimepika, nimelea na kufua kwa mkono huo bila tatizo, na kwa miaka mingi nilikuwa nimezoea kukificha kidole hicho chini ya vingine mbele za watu. Kulala katika mfereji wowote hakiwezi. Huchomoza juu kama msumari, na kadiri nilivyokilazimisha ndivyo mkono wote ulivyokakamaa.

Mzee alikiona mara tu nilipofungua viganja vyote viwili. Hakujifanya hajakiona, na hakunihurumia pia. Alinipa pole, akauliza kilipatwa na nini, nikamsimulia, naye akatikisa kichwa na kusema kuwa sasa ameelewa nusu ya habari. Kisha akaomba fimbo.

Nusu ya pili ilikuwa kwenye fimbo yenyewe. Aliniambia niishike kwa mkono wa kushoto peke yake, kama ninavyoshika siku zote, halafu akainama na kutazama ncha za kidole cha kati na kidole cha pete zinaishia wapi. Alinieleza kwamba mshikio, yaani lile gamba la mpira linalovikwa juu ya fimbo, ukiwa na unene unaolingana na mkono, ncha za vidole hivyo viwili hugusa kidogo tu nyama iliyo chini ya kidole gumba. Zikijichimbia kwenye nyama hiyo, mshikio ni mwembamba mno, na zikibaki mbali, ni mnene mno. Zangu zilibaki mbali kiasi ambacho penseli ingepita katikati. Kwa ukucha wake alibandua ukingo wa mshikio karibu na shina la fimbo, akanionyesha utepe uliozungushwa ndani, tabaka juu ya tabaka, ambao shemeji alikuwa ameongeza ili kujaza viganja vyake. Gamba lenyewe lilikuwa limekauka na kung'aa kwa uzee. Katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, mkono unapotoa jasho hata kabla ya kufanya kazi, kushika kitu kinene, kigumu na kinachoteleza huufanya mkono ubane kwa nguvu zote, na mkono unaobana namna hiyo huchoka upesi na kuachia. Hapo ndipo tundu la glavu lilipotokea.

Alikwenda akarudi na fimbo namba saba nyingine, ya kike, yenye mshikio mwembamba na laini, akaniambia nisiishike kwanza. Alitaka nisimame nikiwa nimeinama kidogo kiunoni na kuiacha mikono ining'inie yenyewe. Nilitazama chini. Mkono wangu wa kushoto haukuelekea mbele moja kwa moja. Ulikuwa umegeukia ndani kiasi, na niliweza kuona vifundo viwili vya vidole na sehemu ya cha tatu. Mzee alisema hivyo ndivyo mkono wangu ulivyoumbwa kuning'inia, na kwamba nikiulaza kwenye fimbo kwa namna nyingine yoyote utajirudisha wenyewe wakati wa kupiga, nao utageuza uso wa fimbo pamoja nao. Kisha akaiweka fimbo kwa mshazari juu ya vidole vyangu vya kushoto, kuanzia kwenye shina la kidole cha mwisho hadi katikati ya kidole cha shahada. Kwa wiki tano nilikuwa nikiishika fimbo ndani ya kiganja kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Sasa ilikaa kwenye vidole. Tofauti hiyo niliisikia papo hapo kwenye kifundo cha mkono, ambacho kililegea na kuweza kukunja.

Mkono wa kulia ndio uliochukua muda. Mzee alinipa njia tatu na mipira kumi kwa kila njia, akasema hataniamulia, bali nitazame mwenyewe. Tulianza na ule mshiko wa kidole kupanda juu, ambao hata kwa mshikio mwembamba ulinishinda, na baada ya mipira mitano alinisimamisha. Wa pili ulikuwa wa kufumba, ambao kidole cha mwisho cha kulia hupenya na kufumbana na kidole cha shahada cha kushoto. Mara nyingi watu wenye vidole vifupi huwa na raha na mshiko huu, na Mzee alikuwa ameutarajia unifae, lakini kidole kisichokunja hakiwezi kufumba kitu. Wa tatu ulikuwa wa vidole vyote kumi kwenye mpini, bila kupanda wala kufumbana, kidole cha mwisho cha kulia kikigusana na kidole cha shahada cha kushoto. Kidole changu kilichonyooka kiliegemea ubavuni mwa mpini na kutulia. Hakikufanya kazi kubwa, lakini hakikumzuia mwenzake yeyote kufanya yake.

Ningependa mtu anayeanza aelewe kilichofuata, maana raha niliyoipata katika mshiko huo ilikuwa na hatari yake. Mpira wa kwanza ulipaa, na huo ulikuwa mpira wangu wa kwanza kupaa tangu nianze. Wa pili na wa tatu ilipinda kushoto vibaya. Mzee alinionyesha kwamba pengo lilikuwa limejitokeza kati ya mikono yangu, upana wa kidole kimoja, na kwamba mkono wa kulia, ukiwa peke yake na vidole vyake vyote vitano kwenye mpini, ulikuwa umeanza kusukuma na kuutawala wa kushoto. Anayelima huutelezesha mkono mmoja juu ya mpini wa jembe apate nguvu. Kwenye gofu mikono miwili hukaa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshiko wa vidole kumi hauna kufuli la kuishikilia, kwa hiyo mchezaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuilinda. Alinielekeza nikifunike kidole gumba cha kushoto kwa mfereji wa kiganja cha kulia na nisiruhusu mwanga upite kati ya mikono, nami nikawa ninakagua jambo hilo kabla ya kila mpira.

Halafu likaja suala la nguvu za kushika. Nilipomuuliza nibane kiasi gani, alifikiri, akaniuliza mimi ninabana chaki kiasi gani ninapoandika ubaoni. Sikuwa nimewahi kujiuliza. Chaki ukiibonyeza sana huvunjika, na ukiilegeza haiachi alama, na katika miaka kumi na tisa ya kufundisha hesabu mkono wangu ulikuwa umejua kipimo hicho bila kuambiwa. Nilishika fimbo namna hiyo, nguvu zikiwa zaidi kwenye vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto. Kati ya mipira saba iliyobaki, minne ilikwenda moja kwa moja. Sauti ya mpira uliopigwa katikati ya uso wa fimbo ni kavu na fupi, na mikononi husikii kitu chochote. Niliposikia ule wa nne nilinyamaza, na Mzee naye alinyamaza.

Jioni ile nilisoma habari za mishiko hii kwa hamu, maana neno la “kutoanza gofu” lilikuwa bado linanichoma. Niliona kwamba mshiko wa kidole kupanda juu ulienezwa na Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda mashindano ya The Open mara sita kati ya mwaka 1896 na 1914, ingawa Johnny Laidlay wa Scotland alikuwa ameutumia kabla yake. Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 ya mashindano makuu ya gofu, na Tiger Woods, mwenye 15, walifumba vidole. Art Wall, Mmarekani, aliweka vidole vyote kumi kwenye mpini, na kwa mshiko huo alishinda mashindano ya Masters pale Augusta, Marekani, mwaka 1959. Sheria za gofu, ambazo zinahesabu hata idadi ya fimbo mfukoni zisizidi 14, hazisemi vidole vipangwe vipi. Ninaamini kabisa kwamba aliyenifundisha mwanzo alinitakia mema; alinipa mshiko uliomfaa yeye. Nadhani kosa lake, kama ni kosa, ni kutouomba mkono wangu autazame, na langu ni kuuficha.

Wiki iliyofuata fundi aliichana mishikio ya shemeji kwa kisu, akakwangua utepe wa zamani, akavika mipya myembamba kwenye fimbo zote nilizokuwa nikitumia. Nilinunua glavu nyingine, saizi ndogo kuliko ya kwanza, inayobana vidole hadi nchani bila kuacha nafasi. Nilifanya mazoezi kila Jumamosi wakati binti yangu akiwa na wenzake, na siku mbili katikati ya wiki nilishika fimbo dakika kumi tu nyumbani, bila kupiga, ili vidole vizoee njia.

Mwishoni mwa Machi nilimkuta Mzee amekaa kwenye benchi akisubiri mteja. Nilimwamkia, akaitikia “Marahaba, mwalimu,” na kabla sijasema neno alinyoosha mkono. Nilivua glavu nikampa. Aliigeuza upande wa kiganja na kuielekeza kwenye jua kama mara ya kwanza. Chini ya kiganja ngozi ilikuwa nzima, na alama ya weusi ilipita kwa mshazari kwenye vidole, kutoka shina la kile cha mwisho hadi katikati ya kile cha shahada. Aliifuata alama hiyo polepole kwa ncha ya kidole chake hadi mwisho, akanirudishia, kisha akanyanyuka na kuutundika mfuko wangu begani mwake.

“Mteja wangu amechelewa,” alisema. “Twende shimo la kwanza.”