Usiku ambao kufuli la tatu halikufunguka

Fundi wa kuchomelea pale Rangi Tatu, Dar es Salaam, ameanza tena kupanga kando ya barabara masanduku ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa fedha. Kila Januari huyatoa kwa wingi, maana vikundi vingi hugawana fedha zao Desemba na kuanza upya mwaka mpya. Bati limepakwa rangi ya kijani, vishikio viwili ubavuni, makomeo matatu mbele. Nilisimama kuuliza bei ya sanduku la kikundi cha vijana wa mtaa wetu mpya, nikashika komeo la tatu, na pale pale nikakumbuka Charambe, uani kwa mweka hazina wetu, usiku aliofiwa Namba Kumi na Saba.

Sitamtaja jina. Kwenye kikundi tulikuwa tukiitana kwa namba, na naona kwa nini utaratibu huo ulimfaa. Alikuwa mpangaji, amekuja na mumewe kutoka Ujiji, hana ndugu Dar es Salaam. Aliletwa na jirani aliyetaka tutimie watu 25. Kikao cha kwanza kila mtu alipewa namba na akakaa kwa namba yake, siku zote. Kumi na Sita kushoto kwake, Kumi na Nane kulia. Watu wengi wanaoanzisha vikundi huliona hili kuwa jambo la kurahisisha hesabu tu, na kweli hurahisisha: namba inaitwa, mtu anakwenda mbele na kitabu chake, ananunua hisa, anarudi. Lakini mimi nawasihi wasiliache kwa sababu nyingine. Mkiwaacha watu wakae watakavyo, mashoga watakaa na mashoga, wenyeji na wenyeji, na mgeni atakaa karibu na mlango hadi mwaka uishe. Ukimkalisha mtu katikati ya watu wawili walewale kila wiki, hata akiwa mkimya kama alivyokuwa yeye, wale wawili watajua kama anaumwa, kama kanga yake ni ileile ya wiki iliyopita, kama leo kanunua hisa moja badala ya tatu.

Hisa yetu ilikuwa shilingi 2,000, kuanzia moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa iligongwa muhuri kwenye kitabu. Nafasi iliyobaki wazi inapigwa mstari hapohapo ili asije mtu akaijaza nyumbani. Mfuko wa jamii ulikuwa 500 kwa kila mtu, sawa kwa wote, na fedha zake zilikaa kwenye mfuko wake wa kitambaa, mbali na fedha za mikopo. Mwanachama akifiwa na mwenzi wake, katiba yetu ilimpa 150,000, haidaiwi wala haina riba. Sanduku lililala kwa mweka hazina. Funguo tatu zilikaa kwa wanachama watatu wa kawaida, nyumba tatu tofauti, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kiongozi. Hapo ndipo vikundi vingi huharibikiwa: utakuta mwenyekiti anashika ufunguo, mweka hazina anashika wa pili, na wa tatu yuko kwa mdogo wake mwenyekiti. Makufuli yanakuwa matatu kwa macho, lakini nyumba ni moja.

Kila kikao kilifungwa kwa kukariri salio. Mwenyekiti anauliza mfuko wa jamii una kiasi gani, wote tunajibu kwa sauti moja. Utaratibu huu una historia yake. Vikundi vya namna hii vilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, wanawake wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE, na wengi wao walikuwa hawajui kusoma, kwa hiyo hesabu iliwekwa vichwani mwa watu. Kwetu viliingia kwa njia zaidi ya moja; Zanzibar vikaenea kuanzia vijiji vya jirani na msitu wa Jozani, bara vikazoeleka kwa jina la VICOBA, kifupi cha Kiingereza cha benki za jamii vijijini. Daftari limekuja baadaye. Bado naamini salio linalojulikana na watu 25 ni gumu kuchezewa kuliko lililoandikwa na mmoja.

Basi usiku ule hakuna aliyehitaji daftari kujua kilichomo ndani. Mfuko wa jamii: 240,000. Mfuko wa mikopo ulikuwa umefika milioni moja na laki nne na kitu, kwa sababu tulikuwa tunakaribia mgao. Mikopo husimamishwa wiki kadhaa kabla ya kugawana ili madeni yote yarudi, na wakati huo sanduku hunenepa na mtaa mzima hujua kwamba limenenepa.

Mume wa Namba Kumi na Saba alifariki hospitalini, baada ya magharibi. Alikuwa akisumbuliwa na kifua muda mrefu. Kwenye simu yake Namba Kumi na Saba hakuwa na mtu wa Charambe wa kumpigia isipokuwa Kumi na Nane, aliyekaa naye bega kwa bega tangu mwanzo wa mwaka. Akampigia. Kumi na Nane akapiga kwa mwenyekiti, mwenyekiti akatuma watoto nyumba kwa nyumba, na kabla ya saa tatu usiku tulikuwa uani kwa mweka hazina, wengine tumejifunga khanga juu ya nguo za kulalia.

Fedha zilihitajika kabla ya alfajiri. Gari la kumleta marehemu, mbao za kaburi, mchele, maharage na mkaa wa kupikia waombolezaji, nauli ya shemeji yake aliyekuwa Morogoro. Sanda ilipatikana msikitini, vijana wa mtaa walikwishakubali kuchimba. Vilivyobaki vyote vilitaka taslimu.

Sanduku likaletwa, likawekwa juu ya mkeka chini ya taa ya uani. Katiba ilisema lisifunguliwe ila kwenye kikao, na kikao kitimie kwa theluthi mbili, yaani watu 17. Mwenyekiti akatuhesabu kwa kidole: tulikuwa 19. Akatangaza kikao cha dharura. Mtunza ufunguo wa kwanza akafungua. Wa pili akafungua. Wa tatu hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda Lindi kwenye arusi ya mpwa wake, na ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wake huko huko Lindi. Tulimpigia simu. Akalia kwenye simu, akasema vunjeni, mimi nimeridhia, nitanunua kufuli jipya.

Mume wa mweka hazina akaingia ndani akatoka na nyundo na tindo. Hakuna aliyepinga. Mimi nilikuwa mmoja wa wahesabu fedha wawili, nimekwisha kunawa mikono na kukaa mahali pangu, bakuli mbili mbele yangu. Namkumbuka mzee wa watu amepiga goti, ameielekeza tindo kwenye shingo ya kufuli, nyundo iko juu. Mweka hazina alikuwa amesimama nyuma yake. Akapita mbele ya mumewe bila kusema kitu, akakaa juu ya sanduku.

Ua mzima ukanyamaza. Kisha Kumi na Nane akasema, kwa hasira, "Mama, mwenzetu ana maiti hospitali."

"Najua, mwanangu. Nami nimefiwa naye." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa bati pande zote mbili. "Mkivunja leo, mtachukua laki na nusu mtakwenda zenu msibani. Sanduku litabaki kwangu, kufuli moja limevunjwa, na milioni moja ndani yake. Watoto wa mtaa huu wote wametuona hapa na taa. Nani atalala nalo? Akija mtu usiku akatukata mapanga, mtamzika nani kesho?"

Mtu akasema basi kila mmoja aondoke na sehemu ya fedha, zirudishwe kesho. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Fedha za kikundi zikishatawanyika majumbani mwa watu 19 usiku wa manane, hazitarudi zote, na zile zitakazopotea zitakuwa na maelezo mazuri. Mwingine akasema tununue kufuli jipya. Duka la vifaa lilikuwa limefungwa tangu saa mbili. Mume wa mweka hazina alikuwa bado amepiga goti. Taratibu akaishusha nyundo, akailaza juu ya mkeka, akamwambia mkewe, "Basi, mama, nimekuelewa."

Mwanamke mmoja akafungua khanga ya mabegani, akaitandaza mbele yangu, akatupia 5,000. Hakusema neno. Kumi na Sita akafuata, Kumi na Nane akafuata. Wakaja na wasio wanachama: mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri langoni, mama mwenye duka aliyeleta mchele kilo kumi badala ya fedha. Mama wa vitumbua, Namba Tano, alitoa noti ya 10,000 iliyokunjwa mara nne. Sote tulijua ni mtaji wake wa unga na mafuta wa kesho yake. Tulihesabu na mwenzangu kama tunavyohesabu kikaoni, noti kubwa kwanza, yeye anahesabu nami narudia, kisha tukatamka kwa sauti mara tatu: laki moja na thelathini na moja elfu. Mtunza kumbukumbu akaandika majina na kiasi kwenye karatasi ya daftari la shule. Makufuli mawili yakafungwa tena, funguo zikaondoka na wenyewe.

Marehemu alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Chakula kilitosha. Kumi na Sita na Kumi na Nane walilala kwa mjane wao hadi siku ya tatu, bila kupangwa na mtu.

Kikao kilichofuata ndicho kilichotutoa jasho. Ufunguo ulikwisharudi kutoka Lindi, mfuko wa jamii ukatoa 150,000 zake kwa mujibu wa katiba, zikakabidhiwa mbele ya wote. Ndipo Namba Tano akauliza, kwa adabu, zile za kwenye khanga zinarudishwa lini. Alidhani kikundi kimekopa kwa wanachama kwa sababu sanduku halikufunguka. Wengine wawili nao walidhani hivyo. Waliobaki waliona ni rambirambi, na rambirambi hairudishwi. Ile karatasi ilikuwa na majina na tarakimu. Kichwa cha habari haikuwa nacho. Nimekutana na vikundi vingi tangu hapo, na kila panapochangishwa fedha kwa haraka nauliza kitu kimoja kabla ya khanga kutandazwa: hizi ni za kutoa au za kuazima? Swali hilo likiulizwa mapema halimuumizi mtu. Likiulizwa wiki moja baadaye, mbele ya mjane, linaumiza wote.

Mjane mwenyewe alisimama akasema atalipa yeye, kwenye zile 150,000. Tukakataa kwa kelele. Mwishowe Namba Tano na wale wawili walirudishiwa kutoka kwenye bakuli la faini, na tukarekebisha katiba: mtunza ufunguo akisafiri amkabidhi mwanachama mwingine mbele ya mwenyekiti, naye aandikwe, na 50,000 za mfuko wa jamii zikae nje ya sanduku, kwenye simu yenye laini ya kikundi, kwa ajili ya usiku kama ule. Siku hizi kuna huduma za kutunza fedha za kikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambazo fedha hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja waidhinishe, kila mmoja kwa simu yake, na aliye Lindi anaweza kuidhinisha akiwa huko huko. Kwa usalama naziunga mkono bila kusita, hasa wiki za kuelekea mgao. Ninachowaomba vijana wetu ni kwamba wasifute kikao kwa sababu fedha zimehamia kwenye simu. Nimeona vikundi vilivyoandikishwa haraka halmashauri ili kuwahi ile mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wanachama wanakutana siku ya kupiga picha na siku ya kusaini. Katika vikundi hivyo mtu akifiwa, nani atakuwa Kumi na Nane wake?

Namba Kumi na Saba alikaa nasi hadi mgao, akachukua fungu lake, na mwaka uliofuata alichaguliwa mtunza ufunguo. Hilo hufurahisha watu ninapowasimulia. Lakini mawazo yangu huenda zaidi kwa Namba Tano. Alirudishiwa 10,000 zake kwa haki, hakuna aliyemtukana, na aliendelea kununua hisa zake mbili kila wiki. Ila misiba mingine ilipotokea alikuwa akituma mtoto na bakuli la vitumbua, mwenyewe hakai. Nimejiuliza kama tulipaswa kumwita pembeni tukamlipa kimya kimya, kinyume cha kanuni yetu kwamba kila shilingi ihesabiwe mbele ya wote. Kanuni hiyo ndiyo iliyolilinda sanduku. Sijui kama ilimlinda yeye.