Kuhama na Kuhamia

Jumapili, baada ya magharibi.

Vitenzi vya Kiingereza vyenyewe havinitishi. Kinachonichosha ni kile kihusishi kinachovifuata kama kidau kilichofungwa nyuma ya jahazi. "Depend" hakiendi bila "on". "Arrive" nacho chachagua: "in" kwa mji, "at" kwa kituo. Basi utaandika "arrive in Mombasa", lakini kivukoni Likoni ni "arrive at the ferry".

Mimi ni karani kwa mawakili, na huko ndiko jambo hili linakobana. Kwa Kiswahili twamshtaki mtu kwa wizi, twamtuhumu kwa wizi, twamlaumu kwa hasara. Hiyo "kwa" moja yatosha kote, na bado twaenda nayo kwa daktari na kuandika nayo kwa kalamu. Kiingereza chataka "charge with", "accuse of", "blame for", wala havibadilishani. Kitabu changu cha sarufi hakitoi sababu, chatoa orodha tu.

Leo nikifua nguo (joto hili, nguo zakauka kabla hujazianika zote) nimepata maelezo yanayoniridhisha. Vihusishi tunavyo, ila vingi tumevitia ndani ya kitenzi. Jirani amehama Likoni, amehamia Kisauni: silabi moja imegeuza mwelekeo mzima. Kumkimbia mtu na kumkimbilia ni safari zinazopishana njiani. Mwingereza hukiacha kitenzi kilivyo, akaweka "from" na "to" nje. Ndiyo maana wengi wetu tukitaka kuuliza "Unamngojea nani?" twaiangusha ile "for" ya mwisho katika "Who are you waiting for?" Kwetu kazi hiyo imeshafanywa na "ngojea", kwa hivyo sikio halisikii pengo.

Orodha za alfabeti nimeziacha. Sasa nakiandika kitenzi pamoja na mtu wake na jambo lake: "apologise to the client for the delay". "To" ni ya mteja, "for" ni ya kuchelewa. Orodha ingeniandikia kimoja, nami ningedhani mambo yamekwisha.

Halafu kuna ugonjwa wa kinyume, wa kuongeza. "Discuss about" nasikia kila mahali, redioni, mikutanoni, hata kwa watu waliosoma sana. "Discuss" hakitaki kitu baada yake ila lile jambo lenyewe. Nashuku hiyo "about" imetoka kwenye "kujadiliana kuhusu", ikaingia bila kubisha hodi. Mdogo wangu anapinga: "Lakini dada, Kenya nzima yasema hivyo, na twaelewana!" Kweli, twaelewana. Kwenye barua ya kortini naifuta. Barazani naiacha ikae. Akasema basi nina sheria mbili. Ndiyo, mbili.